Mwalimu wa Kupanda Mapema Anamngoja Mama Mkwe

Saa mbili asubuhi, ufukoni Asembo Bay. Omena, wale dagaa wa ziwani, imekwisha kuanikwa juu ya nyavu kuukuu, na wanawake walioinunua kutoka kwa wavuvi hawana kazi nyingine ila kufukuza kunguru na kungoja jua. Huu ndio wakati anaoupenda Lornah Amolo. Anakunjua kitambaa cha marekani chenye ukubwa wa shuka ya kitanda, anakibana kwa mawe kwenye pembe zake, kisha anaketi mchangani na kunyoosha miguu.

“Haya, akina mama. Nani anacheza?”

Wanakuja sita, wengine na watoto mgongoni. Kwenye kitambaa kumechorwa njia inayozunguka kuanzia Januari hadi Desemba, kwa rangi ya mafuta ya aina ile inayopakwa milangoni. Njia hiyo imegawanywa vijumba, na ndani yake kuna wingu, jembe, ghala, panya, mtoto wa shule, mgeni aliyekuja na mizigo yake yote, na jeneza. Mchezaji anarusha dadu na kusogeza kizibo chake cha soda. Mkononi ana gao la mahindi, nayo ndiyo mbegu yake, chakula chake na biashara yake, yote pamoja.

Mchezo huu una mafunzo mengi, lakini Lornah hahubiri. Anayekula mbegu kabla ya wingu kufika anajikuta hana cha kupanda. Anayeuza mavuno yote siku moja, bei ikiwa chini, anajikuta mwezi wa sita akinunua kwa wenzake waliosubiri. Mama mmoja mnene amefika kwenye panya mara mbili asubuhi hii, na anataka kujua kwa nini panya wa Lornah wanampenda yeye tu.

“Kwa sababu wewe hujajenga ghala,” anamjibu. “Ulipita hapo ukaenda kununua leso.”

Wanacheka. Halafu yule mama, labda kwa kutaka kulipiza, anauliza swali ambalo kila mtu hapo analijua jibu lake.

“Na kwako, mwalimu? Nyinyi mmeshapanda?”

Lornah anajifanya kupanga vizibo. “Bado,” anasema.

“Na mvua ndio hii, wiki ya pili sasa. Mimi yangu imeshatoa kichwa.”

“Nimeona. Ni nzuri sana.”

Hiyo ndiyo aibu aliyo nayo Lornah mwezi huu wa Aprili, 1994. Kwa miaka mitano amezunguka kutoka Asembo hadi pande za Maseno akiwafundisha wanawake kupanga msimu wao, na somo la kwanza kabisa ni kwamba mbegu iingie ardhini mvua ya kwanza ikigusa udongo. Shamba lake mwenyewe limelimwa likalainika, mbegu ziko ndani ya kibuyu, na hakuna hata punje moja iliyopandwa. Mwaka jana mvua ilikatika mapema na nyumba hiyo ilivuna madebe machache ya mtama na mahindi yaliyojaa mapengo. Msimu huu ukiharibika pia, watoto wake wanne watakula kwa kununua hadi mwaka mwingine, na posho yake ya shilingi elfu moja na mia nane kwa mwezi haiwezi kazi hiyo.

Kisa cha kutopanda si uvivu wala ukosefu wa mbegu. Lornah anamngoja mama mkwe wake, na mama mkwe amenuna.

Msomaji wa mbali huenda akahitaji maelezo kidogo. Katika boma la Wajaluo mtu hapandi tu kwa sababu anajisikia kupanda. Anayeanza ni mikayi, yaani mke mkubwa wa mwenye boma, naye mzee wake akiwa nyumbani. Baada yake ndipo anakuja mke wa pili, kisha wake za watoto wa kiume kwa kufuata ukubwa. Kumtangulia mkubwa wako ni kosa zito, na watu husema kosa hilo huleta maradhi ya kumaliza mwili pole pole. Kwa hiyo mikayi akiwa hayupo, boma zima linakaa na majembe yake.

Lornah alizaliwa katika desturi hiyo na akaolewa ndani yake, na bado iliwahi kumponyoka mbele ya macho. Hadithi hiyo anaisimulia mwenyewe, tena kwa furaha.

Mwaka wa 1989 aliajiriwa na shirika la kanisa linalofundisha watu wazima, lenye ofisi Kisumu mjini. Alikuwa amefika darasa la saba na alikuwa na sauti ya kwaya, basi. Mkuu wake, Bwana Simiyu Waliaula, mtu wa Bungoma, alileta mchezo uliochapishwa Nairobi, ndani ya boksi zuri lenye picha ya mkulima anayetabasamu. Wakaenda kuujaribu katika boma moja karibu na ziwa, ambako kikundi kizima cha wanawake kilikuwa ni mama mkwe, mke mwenza wake na wake za watoto wao.

“Kadi ya mvua ikatoka,” anasimulia Lornah. “Bwana Simiyu akasema, haya, pandeni. Hakuna mtu alisonga. Akasema tena, mvua imekuja, pandeni. Wamama wameshika mbegu, wanaangalia chini. Kadi ya jua ikatoka, mchezo ukaisha, wote wamefilisika.”

Bwana Simiyu alidhani hawakuelewa sheria. Akaeleza upya, wakacheza upya, wakafilisika upya. Mama mwenye boma alikuwa jikoni wakati wote huo akiwapikia wageni chai.

“Tulipokuwa tunarudi ananiuliza, Lornah, tumekosea wapi? Mimi nikafungua mkono wangu nimwonyeshe hivi, nikakuta bado nimeshika mbegu zangu. Na mimi pia sikuwa nimepanda! Mimi mwalimu! Nilikuwa namngoja yule mama atoke jikoni.”

Bwana Simiyu, tulipompata ofisini kwake Kisumu, alikiri kwamba siku hiyo alicheka hadi akasimamisha pikipiki kando ya barabara. “Kwetu Bungoma tuna mambo yetu,” anasema. “Hilo lao sikulijua. Nikamwambia Agneta wa stoo atupe kitambaa na rangi, tukaanza upya.”

Mchezo mpya ndio huu wa kitambaa. Mikayi wa kikundi ndiye anayetangulia, na wengine wanamfuata kwa ukubwa. Lakini kabla ya wingu kuna kijumba kilichochorwa wanawake wawili wakinong’ona, mmoja kijana na mmoja mzee. Anayefika hapo anapaswa kumwendea mkubwa wake na kumkumbusha kwamba mvua i karibu, kwa adabu, na mkubwa asiporidhika na maneno hayo anaweza kumrudisha nyuma. Wanawake wanakipenda kijumba hicho kuliko vyote. Wapo wanaopiga magoti kabisa.

“Sisi hatuambii mtu aondoke kwa nyumba yake,” anasema Lornah. “Tunasema apange akiwa ndani.”

Yote hayo ni mazuri, ila kitambaa hakikuwa kimefikiria ng’ombe aitwaye Rateng’.

Rateng’ alikuwa dume jeusi la kulima, mmoja wa jozi iliyonunuliwa kwa pesa za omena za Mama Milka, mama mkwe wa Lornah. Alizikusanya kidogo kidogo kwa miaka, na jozi hiyo ndiyo iliyolima mashamba ya boma zima na ya majirani kwa malipo. Mwezi wa pili mwaka huu, baada ya kulima kwisha, mumewe Mzee Ogola alimpeleka Rateng’ mnadani. Siku hizi kila mtu ufukoni anazungumza habari ya mbuta, yule samaki mkubwa wa ziwani, na viwanda vinavyomnunua, na mzee alikuwa amepata rafiki wa kushirikiana naye kununua nyavu. Mama Milka alijua habari hizo aliporudi kutoka sokoni na kukuta dume moja zizini.

Hakupiga kelele. Alifunga nguo zake kwenye kanga, akaenda kwa kaka yake huko Awasi, nyumbani alikozaliwa. Ana wajukuu kumi na mmoja.

Mzee Ogola naye hakwenda kumfuata. Aliwaambia watu kwamba mkewe ameenda kusalimia. Salamu hizo sasa zina wiki ya saba.

Anayeumia zaidi katika boma lile, ukimtoa Lornah, ni Mama Dorca, mke wa pili. Mtu angedhani mke mwenza angefurahia nafasi. “Nafasi gani?” anauliza Mama Dorca, akituonyesha shamba lake tupu. “Mzee anakula kwangu asubuhi, mchana, jioni. Na bado siwezi kupanda. Huyo dada yangu arudi, yawa, nimechoka.”

Mwandishi huyu alimuuliza Lornah swali ambalo mtu wa mjini lazima aulize. Kwa nini asipande tu? Mumewe, Absalom, mwana mkubwa wa boma, anatengeneza baiskeli Kisumu na hana neno. Shamba ni lake. Yeye ni mwalimu.

Aliondoa mchanga kwenye vizibo.

“Naogopa,” alisema. “Sitakudanganya. Siku hizi watu wanaugua sana huku, unaona makaburi. Na kila mgonjwa, watu wanatafuta nani alikosea nini. Nikipanda mbele ya Mama, halafu mtoto wa mtu aanze kukonda, itakuwa mimi. Hata kama mimi siamini, itakuwa mimi. Na Mama mwenyewe nampenda. Alinishika mkono nikizaa mtoto wa kwanza. Sasa nimpite kama mti?”

Kuzungumza na baba mkwe pia hakuwezekani. Mke wa mwana hamkalishi chini baba wa mume wake akamuuliza habari za ndoa yake. Ikabaki Awasi.

Tulikwenda naye siku ya Jumamosi. Boma la Obiero, kaka yake Mama Milka, liko nyuma kidogo ya barabara ya Kericho, na mama mwenyewe tulimkuta akipukuchua mahindi ya watu wengine kwa bidii isiyo ya mgeni. Ni mwanamke mrefu, mwenye pengo mbele na macho yanayocheka. Alimkumbatia Lornah kwa muda mrefu. Akamuuliza kila mtoto kwa jina. Kisha, kabla Lornah hajafungua mdomo, akasema, “Siendi.”

“Sijasema kitu, Mama.”

“Umekuja na kitambaa. Sijui unataka kunicheza?”

Lornah alikitandaza hata hivyo, pale uani, na kwa sababu hakuna anayeweza kukiona bila kukiinamia, Mama Milka aliinama. Alifuata njia kwa kidole, mwezi baada ya mwezi. Kilipofika kwenye zizi lililochorwa madume mawili, kidole kilisimama.

“Hawa wanakaa tu hapa? Hakuna mtu anawauza?”

“Hatukuchora hiyo, Mama.”

“Basi mchezo wako ni uongo. Unafundisha wamama waweke akiba, waweke akiba. Nikaweka. Ikawa ng’ombe. Sasa nionyeshe hapa mahali mwanaume anatoa akiba yangu kwa boma bila kuniuliza, na mimi naambiwa nipande nikicheka.”

Lornah alitafuta kwenye kitambaa kana kwamba picha hiyo ingeweza kutokea. Baadaye alituambia kwamba kati ya mambo yote aliyowahi kuambiwa kazini, hilo lilimchoma kuliko mengine, kwa sababu ni yeye aliyemfundisha mama huyo kuweka akiba.

“Nyathina,” Mama Milka alisema kwa sauti ya chini, maana yake mtoto wangu, “sitaki nyavu zake. Sitaki hata dume lingine. Nataka aje hapa kwa miguu yake, mbele ya Obiero, aseme alikosea. Akisema, kesho yake mtapanda. Asiposema, nitakaa. Na nyinyi mtaniumiza roho, lakini nitakaa.”

Hapo mwandishi huyu aliomba ruhusa ya kuandika habari hizi gazetini. Mama Milka alifikiri kidogo. “Andika,” alisema. “Na jina la dume uliandike vizuri.”

Jumapili baada ya kanisa, Lornah alitoa makopo yake ya rangi. Kwenye njia ya mchezo, kati ya mwezi wa pili na wa tatu, aliongeza kijumba kipya. Alichora dume jeusi likitoka langoni likivutwa kwa kamba, na mwanamke aliyegeuza mgongo. Hakuandika neno. Rangi ya mafuta huchukua muda kukauka, kwa hiyo alikitandika kitambaa juu ya ua wa minyaa, karibu na lango, kwenye njia anayopita Mzee Ogola kwenda kuangalia mifugo. Ukimuuliza kama alichagua ua huo makusudi atakwambia kwamba upande ule una jua.

Mzee alipita mara ya kwanza bila kugeuka. Mara ya pili alipunguza mwendo. Mara ya tatu alisimama, mikono nyuma, kofia yake ya zamani imeshuka hadi kwenye nyusi. Lornah alikuwa akifua hatua chache kutoka hapo, na alizidisha kufua.

“Mwalimu,” mzee alisema, bila kumtazama. “Hii ng’ombe inaenda wapi?”

“Sokoni, Baba.”

“Na huyu mama anaangalia huko kwa nini?”

“Sijui, Baba. Mchezo uko hivyo. Mchezaji akifika hapo anajibu mwenyewe.”

“Na asipojibu?”

“Hasongi. Na wale wako nyuma yake pia hawasongi.”

Mzee Ogola alinyoosha kidole akataka kugusa dume, akaona rangi bado mbichi, akakirudisha. Kisha akaenda kwenye mifugo yake, yaani dume moja na mbuzi.

Jumatatu asubuhi alivaa koti lake la misiba na harusi na kuondoka bila kumwambia mtu anakokwenda. Mama Dorca alimtazama hadi akapotea, akaingia ndani akatoa jembe lake na kulinoa.

Yaliyotokea Awasi tuliyasikia kwa Obiero, ambaye alifurahi kuyasimulia. Mzee aliketishwa kwenye stuli fupi, yeye mtu mzima wa miaka sitini na kitu, mbele ya mashemeji. Akapewa uji. Akaulizwa safari, akaulizwa mvua, akaulizwa nyavu. Mwishowe, kwa Obiero, wala si kwa mkewe, alisema kwamba dume lile halikuwa lake peke yake, na kwamba kuliuza vile lilikuwa kosa. Mkewe, kutoka jikoni, akasema hajasikia. Mzee akasema tena kwa sauti.

Tulipomuuliza Mzee Ogola mwenyewe, alikohoa. “Ng’ombe ilikuwa mbili,” alisema. “Sasa iko moja. Moja hailimi. Hiyo hata mtoto anajua.” Aliongeza kwamba sehemu yake ya nyavu atamuuzia mwenzake akipata bei, na kwamba safari hii bei ataizungumza nyumbani kwanza.

Walirudi Jumanne, yeye mbele na mkewe nyuma, kama watu waliotoka kanisani. Ujumbe ulitumwa Kisumu kwa Absalom aombe ruhusa kazini aje nyumbani, kwa maana desturi inataka kila mume alale kwa mkewe usiku wa kuamkia zamu ya nyumba yake. Absalom alifika na mkate, sukari na tabasamu ambalo wenzake wa gereji walikuwa wamelitania siku nzima.

Sasa ni Ijumaa, asubuhi ya mapema, na udongo umelowa vizuri. Mama Milka alishaanza jana na mistari yake yote imekwisha. Leo Mama Dorca yuko shambani kwake, anachimba, anadondosha, anafukia kwa unyayo, kwa kasi ya mtu aliyekuwa akimeza mate kwa muda mrefu. Lornah amesimama kwenye mpaka na kibuyu chake cha mbegu. Absalom yuko nyuma yake na jembe la pili.

Wamechelewa, na anajua. Huenda mahindi yasifike vizuri, kwa hiyo amechanganya mtama zaidi ya kawaida, maana mtama huvumilia. Hasemi kwamba mambo yatakuwa mazuri. Anasema tu kwamba sasa watapata kitu.

Anapongoja anazungumzia mwaka ujao. Wafadhili wa shirika wamesema pesa zao zinakwisha Desemba, na huenda posho ikaisha nazo. Lornah hajalia. Anataka kabla ya hapo kila kikundi, kutoka Asembo hadi Maseno, kiwe na kitambaa chake, kilichochorwa na wanawake wenyewe, na dume lao wenyewe na panya wao wenyewe. Marekani inapatikana dukani. Rangi inaweza kuchangiwa. Na anataka wanaume wacheze, si kutazama wakiwa wamesimama kama wanangoja kuitwa. Mzee Ogola ameshauliza, kwa njia yake ya kuzunguka, kama wazee wanakaa upande gani wa kitambaa.

“Mimi nikienda, mchezo ubaki,” anasema. “Hiyo ndio naomba. Wasiseme, ile kitu ya Lornah. Waseme, ile kitu yetu. Halafu nikiwa mikayi mzee, mke wa mwanangu aje anipigie magoti ani…”

Anakatiza. Kule mbele Mama Dorca amenyoosha mgongo, ameweka jembe begani na kupunga mkono.

“Ngoja, Bwana wa gazeti,” anasema Lornah, na tayari amevua viatu. “Sasa ni zamu yangu.”